Chuo Kisichotoza Karo na Deni la Wahitimu Wake

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii aghalabu hutajwa katika mambo ya ukoo na desturi, lakini wiki hii ningependa tuitazame kwa upande wa shule. Kila aliyepita mikononi mwa walimu ana ukoo wa pili, nao ni wale waliosoma kabla yake, wale walioketi naye dawati moja, na wale watakaokuja kukikalia kiti chake baada ya yeye kuondoka. Ukoo huo una habari zake kama ulivyo ukoo wa damu: fulani ameoa, fulani amepandishwa cheo, fulani ametangulia mbele ya haki. Una na madeni yake vilevile. Ili tuyaone madeni hayo waziwazi, nimechagua chuo kimoja kidogo cha Marekani ambacho historia yake inawagusa sana askari na jamaa zao.

Chuo hicho kinaitwa Berea, nacho kiko katika jimbo la Kentucky, mahali tambarare za majani zinapokutana na milima. Wanafunzi wake ni takriban 1,500 tu. Ni chuo cha elimu ya jumla, maana yake mwanafunzi hafunzwi fani moja peke yake, bali husoma pamoja lugha, historia, sayansi, muziki na maarifa ya jamii, ili akitoka awe mtu mwenye upeo mpana. Vyuo vya namna hii viko vingi nchini humo. Lakini Berea kina mambo mawili ya pekee. Tangu mwaka 1892 hakitozi karo ya masomo, na kila mwanafunzi, awe wa kiume au wa kike, ni lazima afanye kazi chuoni si chini ya saa 10 kila wiki.

Mwanzilishi wake alikuwa mhubiri mmoja aitwaye John Gregg Fee, aliyezaliwa mwaka 1816. Baba yake alikuwa na watumwa. Kijana huyo alipoanza kuhubiri kwamba utumwa ni dhambi, baba alimnyima urithi. Mwaka 1855 alifungua shule ndogo juu ya kilima, akauita mji ule Berea, kwa jina la mji unaotajwa katika Matendo ya Mitume. Kutoka kitabu hicho hicho ndiko lilikotoka neno ambalo chuo kinalishika mpaka leo: kwamba Mungu aliwaumba watu wa mataifa yote kutoka damu moja. Katika nchi ya watumwa neno hilo lilikuwa kama moto kwenye nyasi kavu. Mnamo Desemba 1859 wapanda farasi wenye silaha waliwajia Fee na walimu wake, wakawapa siku 10 wawe wameondoka katika jimbo. Wakaondoka na watoto wao wakati wa baridi kali.

Ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861. Kentucky ilibaki upande wa serikali ya muungano, lakini utumwa uliendelea humo. Mwaka 1863 ilijengwa kambi kubwa ya jeshi iliyoitwa Camp Nelson, na kuanzia mwaka 1864 watumwa waliruhusiwa kuingia jeshini. Aliyeandikishwa alikuwa huru tangu siku ile. Zaidi ya wanaume weusi 10,000 walipitia kambi hiyo. Lakini sheria ilimweka huru askari peke yake. Mke wake na watoto wake walibaki mali ya bwana, na bwana mwenye hasira aliweza kuwalipiza kisasi. Kwa hiyo jamaa waliwafuata wanaume zao kambini, wakajenga vibanda.

Mnamo Novemba 1864 mkuu wa kambi alitoa amri watu hao waondolewe. Walikuwa wanawake na watoto wapatao 400. Walipakiwa katika magari ya kukokotwa, vibanda vyao vikabomolewa, wakatupwa nje katika baridi ya kugandisha. Kati yao walikufa 102. Mmoja wa askari wa kambi hiyo, Joseph Miller, aliapa mbele ya ofisa na kueleza yaliyompata, na maelezo yake yamehifadhiwa hadi sasa. Mwanawe wa miaka saba alikuwa mgonjwa. Aliomba asitolewe, akakataliwa. Usiku ule Miller alitembea kwa miguu kuifuata familia yake, akamkuta mtoto amekwisha kufa. Alirudi kambini usiku huo huo kwa sababu alikuwa chini ya amri, kisha asubuhi akaenda tena, akachimba kaburi kwa mikono yake na kumzika mwanawe. Baada ya hapo akarejea kambini. Miezi michache baadaye, yeye na jamaa yake wote walikuwa wamekufa.

Habari hizo zilileta aibu kubwa katika nchi. Nyumba za wakimbizi zikajengwa kambini, na tarehe 3 Machi 1865 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaweka huru wake na watoto wa askari. Fee alikuwapo kambini wakati huo. Alikuwa amekwenda katika mwaka 1864 kuwafundisha askari kusoma na kuandika, akabaki kuwatetea jamaa zao. Vita vilipokwisha, aliwaalika wengi wao waje Berea, wapate ardhi, wajenge nyumba zao kando ya nyumba za weupe, na watoto wasome pamoja. Mwaka wa kwanza wa masomo baada ya vita, shule ilikuwa na wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91.

Miongoni mwa waliokuja alikuwako sajini mmoja kijana aliyetoka Camp Nelson, Angus Augustus Burleigh. Aliingia shuleni mwaka 1866, mtu mzima akaketi na watoto, akavumilia mpaka akahitimu mwaka 1875, kisha akawa mhubiri. Basi, ndugu msomaji, orodha ya wahitimu wa chuo hiki imeanza na majina ya watu waliokuwa wamevaa sare. Ukoo wake ulizaliwa kambini.

Ushirika ni rahisi kuusifu siku za sherehe. Hujulikana thamani yake siku ya mtihani, na mtihani wa Berea haukukawia. Katika miaka ya 1890 rais wa chuo, William Goodell Frost, aligeuza macho kwa vijana maskini weupe wa milimani, nao wakaongezeka mno kuliko weusi. Wahitimu weusi hawakunyamaza. Walimlaumu wazi kwamba anaiacha kazi ambayo chuo kilianzishwa kwa ajili yake. Tusiwadharau kwa lawama hiyo. Mwana wa nyumba ndiye mwenye haki ya kusema paa linavuja, na mhitimu anayesifu tu hajaitendea haki shule yake.

Kisha mwaka 1904 bunge la jimbo la Kentucky lilipitisha sheria iliyopelekwa na mjumbe Carl Day, ya kuharamisha weusi na weupe kusoma pamoja. Berea ndicho kilichokuwa chuo pekee katika jimbo hilo kilichowachanganya, kwa hiyo kila mtu alijua sheria imemlenga nani. Chuo kilishtakiwa, kikatozwa faini ya dola 1,000, kikakata rufani hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1908 mahakama hiyo iliithibitisha hukumu. Jaji John Marshall Harlan, naye mzaliwa wa Kentucky, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Wanafunzi weusi wakalazimika kufungasha mizigo yao na kuacha mahali ambapo baba zao walikuwa wamepalipia kwa damu.

Chuo kilichangisha fedha, kikajenga shule nyingine kwa ajili ya weusi, iliyoitwa Lincoln Institute, ambayo ilifunguliwa mwaka 1912 karibu na mji wa Louisville. Humo alizaliwa na kusoma Whitney Young mdogo, ambaye baba yake alikuja kuwa mkuu wa shule hiyo. Kijana huyo alitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, akasimama katikati ya askari weusi na maofisa weupe ili kuwapatanisha, na baadaye akawa kiongozi mashuhuri wa kupigania haki za weusi. Alifariki katika bara letu, mjini Lagos, mwaka 1971. Hata hivyo shule ya pili, iwe nzuri namna gani, haikuweza kufuta dhuluma ya kufukuzwa katika ile ya kwanza.

Mwaka mmoja tu kabla ya sheria hiyo, yaani 1903, alikuwa amehitimu Berea kijana mmoja ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, na ambaye mwenyewe alikuwa amechimba makaa ya mawe. Jina lake ni Carter G. Woodson. Mwaka 1912 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1915 alianzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi, na mwaka 1926 akaanzisha juma la kuikumbuka historia hiyo kila Februari, ambalo tangu mwaka 1976 limekuwa mwezi mzima. Mlango wa chuo chake ulifungwa nyuma yake, naye akatumia maisha yake yote kuhakikisha kwamba watu wake hawafutwi katika vitabu.

Sheria ile ilirekebishwa mwaka 1950, na mwaka huo huo Berea kikafungua tena milango yake. Mwaka 1954 Jessie Reasor Zander akawa mweusi wa kwanza kuhitimu hapo baada ya miaka ile ya kutengwa. Leo chuo kina kituo chenye jina la Woodson. Jina la mtoto aliyefungiwa mlango wadogo zake limeandikwa juu ya mlango.

Pengine msomaji atauliza: chuo kisichotoza karo kinaishije? Kinaishi kwa kazi na kwa kumbukumbu. Wanafunzi hufagia, hupika, hulima, hufuma nguo, hutengeneza fagio na vyombo vya mbao, na huhudumia wageni katika hoteli ya chuo iliyofunguliwa mwaka 1909. Hapana kazi ya mtoto wa fulani na kazi ya mtoto wa mwingine. Kumbukumbu ni ya wahitimu na wafadhili. Mwaka 1920 wakuu wa chuo waliamua kwamba mali yoyote ya wasia, isiyowekewa sharti na marehemu, isiliwe bali iwekwe katika akiba. Akiba hiyo sasa imezidi dola bilioni 1, na faida yake ndiyo inayowasomesha watoto wa maskini. Alisoma humo Juanita Kreps, binti wa nchi ya makaa ya mawe, aliyehitimu mwaka 1942 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa biashara wa Marekani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1979. Alisoma humo pia John Fenn, aliyehitimu mwaka 1937 na kupata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Jarida la chuo huandika habari za wahitimu kwa kufuata mwaka wa kila mmoja. Humo waziri hutajwa pamoja na mwalimu wa kijijini na muuguzi.

Sasa turudi makambini kwetu. Mtoto wa askari husoma shule nyingi. Baba akihamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara, mtoto hukata urafiki, hubadilisha walimu, na baada ya miaka michache hajui aiite shule ipi yake. Jambo hili ni hasara kubwa kuliko tunavyodhani, kwa maana asiye na shule ya kuiita yake hana pa kulipa deni la elimu yake, wala hana wa kumshika mkono siku ya shida. Na askari anapofariki kazini, ni nani atakayejua kwamba watoto wake wamerudishwa kijijini na wameacha masomo, ikiwa hakuna daftari lenye majina yao?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila shule iliyo kambini iwe na daftari la waliopita, lenye jina, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka na mahali alikohamia. Kazi hiyo yataka kalamu na mwalimu mmoja mwenye moyo. Pili, wazazi wanapohama wawafundishe watoto wao kuandika barua kwa mwalimu waliyemwacha, japo mara moja kwa mwaka. Tatu, waliokwisha kupata kazi wairudie shule moja kati ya zile walizosoma, wasiende mikono mitupu. Asiye na fedha na apeleke saa chache za kupiga chokaa darasa au kumsaidia mtoto wa marehemu mwenzake katika hesabu.

Na daftari hilo lisiwe la wenye vyeo pekee. Liandikwe pia jina la aliyeacha shule kwa kukosa karo, la binti aliyeozwa kabla ya wakati, na la mtoto aliyeondolewa kambini baada ya baba yake kufa. Hao ndio wanaodai. Shule ikiwasahau, sherehe za wahitimu zitakuwa karamu ya walioshiba.

Ndugu wasomaji, anzeni kwa daftari.