Masisi na Walikale: Daktari mzoefu wa shingo yuko mbali, kipimo cha damu kiko mbali zaidi

Mtu mwenye maumivu ya mifupa, mawe ya figo yanayorudi kila mara na uchovu usiokwisha anapofika kwenye kituo cha afya wilayani Masisi, uwezekano mkubwa ni kwamba atapimwa malaria, atapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani. Dalili hizo zina sababu nyingi. Moja kati yake haitajwi sana Kivu ya Kaskazini: tezi ndogo ya shingoni iitwayo parathiroidi inayotoa homoni kupita kiasi na kuivuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa hadi kwenye damu.

Tiba ya kuuondoa ugonjwa huo ni upasuaji. Tezi hizo kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejificha nyuma ya thiroidi, ile tezi inayovimba mtu anapopata rovu. Kwa wagonjwa wanane hivi kati ya kumi, iliyoharibika ni moja tu. Ndiyo maana hospitali zenye vifaa siku hizi hazifungui shingo nzima. Hukata sentimita mbili au tatu, huitoa hiyo moja, na mgonjwa huweza kwenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Udogo wa jeraha usimdanganye mtu. Mishipa ya fahamu inayoendesha sauti inapita hapo hapo. Mpasuaji asiyezoea anaweza kuitafuta tezi asiipate, au akatoa isiyo na ugonjwa, na kurudi mara ya pili juu ya kovu ni kazi ngumu zaidi. Marekani na Ulaya mgonjwa hushauriwa kumuuliza daktari amefanya operesheni ngapi za aina hii kwa mwaka, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kuanzia 10. Mkazi wa Walikale ana haki ya kuuliza swali hilo hilo. Ila kwake linakuja la mwisho.

La kwanza ni kujua kwamba anaumwa. Ugonjwa huu hugunduliwa kwa kupima kalsiamu na homoni ya parathiroidi katika damu. Maabara za hospitali za vijijini zimepangwa kwa ajili ya malaria, kipindupindu, utapiamlo na kuongezewa damu, na hakuna anayeweza kuzilaumu. Kisha tezi mbovu lazima ijulikane iko upande gani kabla ya kisu kugusa ngozi. Altrasaundi husaidia ikishikwa na mkono unaojua. Picha za dawa ya mionzi nazo husaidia, lakini mashine hizo mtu huzikuta Nairobi, Mulago jijini Kampala au Ocean Road jijini Dar es Salaam. Hospitali chache zaidi hupima homoni mgonjwa akiwa bado mezani, dakika 10 baada ya tezi kutolewa: ikishuka kwa zaidi ya nusu, mpasuaji hufunga jeraha. Bila kipimo hicho hubaki kutegemea macho na uzoefu wake.

Uzoefu hutokana na wagonjwa wanaokuja, na wanaoletwa kwa wapasuaji wa Kivu ni wa vita. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limekuwa likiisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007. Mjini Goma, hospitali ya Ndosho imepokea timu za upasuaji za Msalaba Mwekundu wa Kimataifa tangu 2012. Hapo ndipo penye mikono iliyozoea risasi, mabomu na mifupa iliyovunjika, na penginepo duniani ni nadra kuona mikono kama hiyo. Lakini ustadi wa kutoa risasi pajani hauhamii wenyewe kwenye tezi ya ukubwa wa punje.

Mlango ulio karibu zaidi ni rovu. Kivu ina historia ndefu nalo: kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya ukosefu wa iodini, na mihogo isiyotayarishwa vizuri ilitajwa kuwa inazidisha tatizo. Daktari aliyezoea kupasua rovu amekwisha kuziona parathiroidi, maana kazi yake mojawapo ni kutozikata kwa bahati mbaya. Kwa mgonjwa anayetafuta mpasuaji, huyo ndiye wa kuanza kumuulizia.

Kumfikia ni habari nyingine. Waasi wa M23 waliingia Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, wakaichukua Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Machi wakafika Walikale-centre kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki zikafunga milango. Februari mwaka huo mfanyakazi wa MSF alipigwa risasi ndani ya kituo cha shirika hilo Masisi na akafariki. Wilaya hizi zina coltan ya Rubaya na bati la Bisie, madini yanayoishia ndani ya vifaa vya elektroniki ulimwenguni, hata vile vya hospitali. Madini yamepata njia ya kutoka.

Sampuli ya damu kwa ajili ya kalsiamu nayo inaweza kutoka. Haihitaji kitanda wala msindikizaji, na ingetosha kumtenga mwenye mawe ya figo yanayorudi na wengine wanaotibiwa kwa kubahatisha. Operesheni ikishafanyika, siku za kwanza kalsiamu huweza kushuka ghafla, mikono na midomo ikafa ganzi, hivyo mgonjwa anatakiwa awe karibu na dawa. Na hahesabiwi amepona mpaka damu yake ipimwe tena baada ya miezi sita, yaani apite upya barabara ya Sake.