Wizi wa mitihani: Na watu wazima wahesabiwe

Matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2022 yaliacha doa. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 na kuvifungia vituo 24 kwa udanganyifu. Watoto hao walipewa nafasi ya kurudia mtihani Desemba mwaka huo. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwa kuwa mtoto wa darasa la saba hashiki bahasha ya mtihani wala hasimamii chumba.

Bahasha iko mikononi mwa mtu mzima. Majibu yakimfikia mtahiniwa, yupo mwalimu, msimamizi au mwenye shule aliyeyapitisha, na pengine mzazi aliyeyalipia. Mtoto huambiwa aandike na anyamaze.

Madhara yake hayaishii kwenye alama. Kwa miaka saba mtoto ameusiwa uaminifu kwenye paredi. Siku ya mtihani anamwona aliyemwusia akimnong'onezea jibu. Somo atakaloondoka nalo ni lile aliloliona.

Utafiti nao unaelekeza huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapima watoto 186 wa miaka 3 hadi 7 na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Watoto wa umri wa kwenda shule waliokuwa wamedanganywa na mtu mzima walielekea zaidi kuchungulia walichokatazwa, kisha kukana, kuliko wenzao ambao hawakudanganywa.

Kisingizio kwamba wizi huu hauzuiliki hakina msingi. Nchini Kenya, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne mwaka 2015. Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa na udhibiti ukakazwa. Mwaka huo walioipata walikuwa 141. Anguko la kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa uvivu wa wanafunzi wa mwaka mmoja. Uwajibikaji ulianzia juu, na chini wakaelewa.

Kwa hiyo, kila NECTA inapotangaza idadi ya watahiniwa waliofutiwa matokeo, itangazwe pia idadi ya watu wazima walioshtakiwa, waliofukuzwa kazi na waliotiwa hatiani. Tume ya Utumishi wa Walimu isimalize mashauri haya kwa uhamisho, kwani kumhamisha mwizi wa mtihani ni kuipelekea shule nyingine mwizi. Wenye shule binafsi wasijifiche nyuma ya walimu waliowaajiri. Mzazi aliyechanga fedha za kununua majibu ni mshtakiwa, si shahidi.

Watoto 2,194 waliwajibishwa hadharani kwa mpango ulioandaliwa na wakubwa wao. Wakubwa hao nao wawajibishwe hadharani, watoto wakiona.