Chupa Isiyo na Kipimo Mlangoni pa Msikiti

Kila baada ya sala ya Ijumaa, kabla waumini hawajamaliza kuvaa viatu, meza huwa zimekwishatandikwa nje: habasoda, asali, mafuta ya zeituni, na siku hizi chupa za maji ya rangi ya kahawia zinazosemwa kuwa hufungua kifua na kutuliza tumbo linalosokota. Hatuna ugomvi na anayetafuta riziki yake kwa halali. Ugomvi wetu ni na ile chupa. Haina jina la mmea, haina kipimo, na anayeinunua huambiwa aachane na dawa za hospitali.

Tuseme kweli kwanza: mimea inayolegeza misuli ipo, wala si uzushi. Utumbo na njia za hewa vimezungukwa na misuli laini isiyoamrishwa na mtu. Inapokaza, huyu hujikunja kwa maumivu na yule hukosa pumzi. Mafuta ya mnanaa huilegeza misuli ya utumbo kwa kuzuia kalsiamu isiingie ndani yake, na hutolewa katika vidonge vyenye ganda lisilofunguka mpaka yafike utumboni, maana yakimwagika mapema huleta kiungulia. Wazee wetu wa pwani nao waliujua mranaha, ambao majani yake makavu yalivutwa kama tumbaku na wenye pumu. Hawakukosea kuhusu nguvu yake. Mmea huo una atropini na skopolamini, ambazo hukata ujumbe wa neva unaoiamuru misuli ikaze.

Lakini ujumbe huohuo ndio unaoongoza mate, mboni ya jicho, kibofu na mapigo ya moyo. Aliyezidisha mranaha hukauka kinywa, macho humwingia ukungu, moyo humwenda mbio, mkojo hufunga, kisha huanza kuweweseka na kuzungumza na wasiokuwapo (na hapo jamaa zake humtafutia mtu wa kumsomea, wakidhani ni jini!). Wala hapana awezaye kukijua kiasi cha sumu hiyo kwa macho, kwani hutofautiana baina ya mti na mti, baina ya mbegu na jani. Kilichomfaa baba juzi chaweza kumwua mwanawe leo. Ndiyo sababu wataalamu waliigeuza atropini wakapata ipratropiamu, dawa ya kuvuta isiyopenya kwa urahisi katika damu na ubongo. Na kutokana na skopolamini wakapata kidonge cha msokoto wa tumbo kinachouzwa katika maduka ya dawa. Asili ni mimea ya jamii hiyohiyo. Kilichoongezwa ni elimu na kipimo.

Tena pumu si kukaza kwa misuli peke yake. Njia za hewa huwa zimevimba kwa ndani, na uvimbe huo mranaha hauutibu. Moshi wake huzidi kuzichokoza. Mgonjwa aliyepata nafuu ya saa moja, akaitupa dawa yake ya kila siku, amejiweka katika hatari ya kubanwa usiku pasipo msaada.

Wauzaji hawa hupenda kumtaja Ibn Sina. Vema. Katika kitabu cha pili cha al-Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Na katika miji ya Waislamu ya zama za kale, muhtasib aliwakagua wauza dawa kama alivyokagua mizani ya sokoni. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud nayo inamtwika dhamana ya madhara kila anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu.

Basi kamati za misikiti zinazoruhusu meza hizo zina la kujibu. Tunazitaka, kabla ya Ijumaa ijayo, ziulize kuhusu kila chupa: ni mmea gani, ni jani au mbegu, hunywewa kiasi gani, na nani asiiguse, akiwemo mjamzito, mtoto na mwenye presha ya macho. Muuzaji asiyeweza kujibu aondoe meza yake.