Kukanda Uvimbe: Tuulize Chanzo Kwanza

Mtu avimbapo mguu, katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama jambo la kwanza ni kutafuta mafuta na mkono wa kukanda. Desturi hii ni ya zamani, wala haistahili kudharauliwa. Siku hizi imepata mwenzake mpya, yaani huduma ya kukanda limfu, inayosifiwa katika matangazo kwamba huondoa uvimbe, hupunguza unene na husafisha sumu mwilini. Yafaa madai hayo yapimwe kwa mizani ya sayansi. Kwa maoni yangu, ukandaji wa limfu una faida ya kweli, ila ni faida yenye mipaka. Na anayeanza kukanda kabla ya kujua chanzo cha uvimbe aweza kumdhuru mgonjwa.

Kwanza tufahamu limfu ni nini. Damu ipitapo katika kapilari, sehemu ya majimaji yake huchujika na kuingia katika tishu. Mishipa ya limfu huyakusanya majimaji hayo, huyapitisha katika tezi za kinenani, kwapani na shingoni, ambako seli za kinga hupambana na vijidudu, kisha huyarudisha katika vena kubwa zilizo chini ya shingo. Mishipa hii haisukumwi na moyo. Husinyaa yenyewe, husaidiwa na misuli tunapotembea na tunapovuta pumzi, na vali zake huzuia limfu isirudi nyuma. Njia hizo zikiharibika au zikiziba, majimaji yenye protini hubaki katika tishu na kiungo huvimba.

Hapo ndipo ukandaji wa limfu unapohusika. Njia hii ilianzishwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmarki waliofanya kazi Ufaransa, nao waliieleza hadharani mjini Paris mwaka 1936. Haifanani na kuchua misuli iliyokaza. Mkono huivuta ngozi polepole na kwa wepesi, ukiyaelekeza majimaji kwenye tezi zilizo nzima. Wanaofaidika hasa ni watu kama wanawake waliotolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti, kisha mkono ukavimba. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015, yaliyochambua majaribio 6, yalionyesha kwamba kwa wagonjwa hao ukandaji ni salama, na kwamba huenda ukaongeza nafuu kidogo juu ya ile iletwayo na bendeji za kubana, hasa uvimbe usipokuwa mkubwa. Kwa hiyo bendeji ndiyo nguzo, na mkono ni msaidizi wake.

Wagonjwa wa matende nao, ambao ni wengi zaidi katika mwambao wa Bahari ya Hindi, hufundishwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha baina ya vidole, kutibu mipasuko ya ngozi, kuuinua na kuufanyisha mazoezi. Mambo hayo mtu huyafanya nyumbani kwake bila kulipa ada. Ama dai la kusafisha sumu, halina msingi: kazi hiyo hufanywa na ini na figo, na hakuna mkono unaoweza kuifanya badala yake.

Sasa tuutazame Mkoa wa Mara. Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, kinacholetwa na minyoo iitwayo Schistosoma mansoni, ambayo hupitia kwa konokono wa majini. Mayai yake hunasa katika ini na kuzuia mwendo wa damu. Baada ya miaka, bandama huvimba na tumbo huweza kujaa maji. Kukanda tumbo la namna hiyo hakuondoi hata yai moja, na bandama lililovimba laweza kupasuka likigandamizwa. Mgonjwa huyo anahitaji daktari, na dawa ya praziquantel ya kuua minyoo.

Mfano wa pili unahusu mfumo wenyewe wa limfu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, alieleza saratani inayovimbisha mataya ya watoto. Ugonjwa huo umeonekana pia Mara, hata baina ya miaka 1977 na 1982 watafiti waligawa klorokwini kwa watoto wa Mara Kaskazini ili kuchunguza uhusiano wake na malaria. Uvimbe huo hukua upesi mno, lakini mara nyingi hutibika kwa dawa ukiwahiwa. Siku chache zinazopotea katika kukanda taya la mtoto ni siku za uhai wake.

Miguu nayo ina hadhari zake. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, pengine kuna bonge la damu katika vena, na kukanda kwaweza kuling'oa likaenda mapafuni. Yote miwili ikivimba, moyo au figo huenda vimedhoofika, na kuurudishia moyo dhaifu majimaji mengi ni kuuongezea mzigo. Mguu wenye joto, wekundu na homa una maambukizo, nao usikandwe.

Wapo watakaosema kwamba hospitali iko mbali na mkandaji yuko jirani. Hoja hiyo ni ya haki. Kwa sababu hiyo hiyo mkandaji hapaswi kufukuzwa, bali afundishwe, kwa kuwa ndiye mara nyingi auonaye uvimbe kabla ya mganga wa zahanati. Walimu wa baiolojia wanaweza kuanza kazi hiyo. Wanapofundisha mzunguko wa damu, wasiiache limfu iwe aya moja ya kukariri. Wawafundishe wanafunzi kuuliza maswali manne mbele ya uvimbe wowote: Ulianza lini? Uko upande mmoja au pande zote mbili? Una joto, maumivu au homa? Mgonjwa ana ugonjwa gani mwingine? Mwanafunzi akiyapeleka maswali hayo nyumbani, huenda bibi yake akaambiwa aende zahanati kabla chupa ya mafuta haijafunguliwa.