Mawimbi ya televizyo ya zamani ni mali ya nani?

Ndugu vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Kuna mali moja ya raia ambayo haionekani kwa macho na haipakiwi kwa ndege kama kasiterite ya Kalima. Ni mawimbi, ile njia ya hewani ambamo televizyo ya anteni ilikuwa inapita.

Kila chaneli ya analoji ilikamata 8 MHz peke yake. Kwa dijitali, nafasi ile ile inabeba chaneli zaidi ya kumi. Kwa hiyo nchi ikihama, nafasi inabaki. Mkataba wa Geneva wa 2006 ulipanga analoji ya UHF iishe 17 Juni 2015. Kisha mikutano ya dunia ya mawimbi ikaamua sehemu ya juu, kuanzia 694 hadi 862 MHz, itumike kwa intaneti ya telefone. Ni 168 MHz, sawa na chaneli 21 za zamani.

Wengine watasema: "Ile ni mambo ya wainjenia." Hapana! Ni mambo ya yule anayepanda kilima kutafuta rezo. Mawimbi ya chini yanaenda mbali kuliko ya juu, na yanapenya kuta na miti vizuri zaidi. Katika pori la Punia ao Lubutu, mnara mmoja wa 700 ao 800 MHz unafikia vijiji ambavyo mawimbi ya 2600 MHz yangeomba minara mingi. Haya ndiyo mawimbi ya watu wa mbali.

Lakini kampuni ikipewa bila masharti, itaenda kwanza kule kwenye pesa: Kinshasa, Lubumbashi. Ujerumani ilipouza 800 MHz mwaka 2010, iliweka sharti: muanze na vijiji na miji midogo isiyo na intaneti, ndipo mupande hadi miji mikubwa. Kama nchi tajiri vile haikuachia soko peke yake, sisi tunangoja nini?

Tena tunakumbuka RAM. Kuanzia 2020 tulikatwa mayunite, hadi ikaondolewa 2022 kwa sababu raia walikataa kunyamaza. Mambo ya telefone yakiamuliwa gizani, anayelipa ni sisi.

Kwa hiyo tunaomba:

1. ARPTC itangaze wazi nani anashikilia mawimbi ya 694 hadi 862 MHz, kwa miaka mingapi na kwa bei gani.

2. Kila kibali kiwe na sharti na tarehe: teritware zote saba za Maniema zifikiwe, na anayeshindwa anyang'anywe.

3. Mfuko wa huduma kwa wote, uliowekwa na sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020, uonyeshe franga ngapi zimefika Maniema.

4. Analoji isizimwe kwa familia yoyote mbele ya dekoda kupatikana kwa bei ambayo mama muuza sokoni anaweza kulipa.

Kifungu cha 24 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Hatuombi zawadi. Wabunge wetu wakirudi Kindu, wasiulizwe barabara tu. Muwaulize pia: mawimbi yetu yako kwa nani?