Azimio la kaboni ni mtihani kwa Kanisa la Uingereza

SINODI Kuu ya Kanisa la Uingereza iliazimia mnamo Februari 2020 kukomesha mchango wake katika ongezeko la gesi ya kaboni kufikia 2030, badala ya 2045 ilivyopendekezwa awali. Askofu wa Norwich, Graham Usher, aliyekabidhiwa masuala ya mazingira mwaka wa 2021, alipata jukumu zito bila rungu. Hakuwa na uwezo wa kuziamuru parokia, ilhali ndizo hugharamia mitambo ya gesi na mafuta inayopasha joto majengo yapatayo 16,000, mengi yakiwa ya kale. Pauni 190 milioni zilizotengwa mwaka wa 2022 ni msaada mkubwa. Hata hivyo, parokia yenye waumini wachache, tena wazee, huhitaji kushikwa mkono, si kuhubiriwa tu.