Sare ya Polisi Hainunuliwi

Kila usajili wa makurutu wa polisi unapotangazwa nchini Kenya, vijana hufurika viwanjani, vyeti mkononi. Kazi hii haistahili kudharauliwa. Kulinda roho na mali za watu ni amana kubwa, na sahaba Qays bin Saad alihesabiwa kuwa kwa Mtume (S.A.W.) mithili ya mkuu wa askari kwa amiri.

Lakini wapo wazazi wanaouza ng'ombe au shamba ili mtoto apate nafasi. Mwaka 2014 tuliyaona matokeo: Mahakama Kuu ilifutilia mbali usajili wa makurutu 10,000 uliofanywa Julai, baada ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, kulalamikia dosari zake. Hata walioteuliwa kwa haki walizipoteza nafasi zao.

Hasara kubwa zaidi huja baadaye. Aliyeinunua sare huanza kazi na deni, na watakaomlipia ni dereva wa matatu barabarani na maskini aliyekamatwa bila kosa. Kifungu cha 244 cha Katiba kinawataka polisi wazuie ufisadi na waheshimu haki za binadamu. Ataizuiaje hongo aliyeingia kwa hongo?

Enyi wazazi, mwacheni mtoto akimbie mbio zake, apimwe kama wenzake. Hongo ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Akikosa, shamba lenu lipo na atajaribu tena. Akipata, atakula jasho lake bila kumdhulumu mtu.